Kikundi chetu cha gemu kinatawanyika: tupange na kuhifadhi vipi michoro, msimbo na rekodi zetu?

Mtengenezaji wa Shangani, Mtwara

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kikundi chetu kidogo cha hapa Mtwara hakijakubaliana namna ya kulifanya.

Tumekuwa tukitengeneza gemu inayohusu safari za majahazi kati ya Mikindani na Kilwa Kisiwani, ambamo mchezaji hungojea kaskazi na kusi, huchagua shehena, hupatana bei na hutakiwa kufika bandarini kabla pepo hazijageuka. Toleo la kwanza linachezeka tangu mwanzo hadi mwisho na limebakiza marekebisho madogo tu. Wakati huohuo mchoraji wetu amepata ajira Dodoma, mwenzetu wa muziki anarudi kwao Newala, na mimi na mwandishi wa msimbo ndio tutakaobaki hapa. Tutaendelea kuwasiliana, lakini sote tunajua kwamba watu wakishakuwa mbalimbali, maswali madogo kama vile picha ya bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa ilichorwa kwa kufuata nini huwa hayaulizwi tena.

Vitu tulivyonavyo ni vingi na vimetapakaa katika kompyuta, flashi na simu za kila mmoja wetu. Upo mradi wenyewe wa Godot, injini tunayotengenezea gemu, pamoja na historia yake ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Zipo picha za Krita na Photoshop zenye matabaka, maumbo ya majahazi yaliyoundwa kwa Blender, na rekodi za wazee wa Mikindani wakieleza majina ya pepo na sehemu za jahazi, pamoja na rekodi za ngoma. Yapo pia madaftari ya michoro ya penseli, karatasi za hesabu za bei, na ubao wa majaribio tuliouchezea kwa kete mezani kabla hatujaandika mstari wowote wa msimbo. Zaidi ya hayo, maamuzi mengi tuliyafikia kwa mazungumzo ya WhatsApp.

Mwenzetu mmoja anashauri tuunde folda mpya, moja ya picha, moja ya sauti, moja ya msimbo, tuhamishie kila kitu humo na kufuta yanayojirudia. Mwingine anaona kwamba gemu iliyokamilika na msimbo wake vinatosha, na kwamba michoro iliyokataliwa ni mzigo. Mimi sikubaliani kikamilifu na yeyote kati yao, ila sina hoja ya kitaalamu ya kuwashawishi. Uwezo wetu wa fedha unatosha kununua diski za nje mbili au tatu na bando la kawaida la intaneti. Nyumba zetu ziko karibu na bahari, na unyevu wa huku mnaufahamu. Tuanzie wapi?

Mtunza Nyaraka, Lindi

Mwanangu, hongereni sana kwa kazi, na hongereni zaidi kwa kuuliza wakati wahusika wote bado mpo pamoja. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa nyaraka za karatasi, lakini msingi ni uleule, na nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi huukiuka kwa nia njema.

Kwa sasa msihamishe wala msifute chochote. Shauri la kuunda folda mpya kwa kufuata aina ya kitu linavutia macho, lakini linaua habari muhimu kuliko zote, nayo ni nani alitengeneza kitu hicho, lini, na kilikaa pamoja na vitu gani vingine. Mchoro wa jahazi uliokaa katika folda moja na picha ya jahazi halisi iliyopigwa Mikindani, pamoja na maandishi ya vipimo vyake, unajieleza wenyewe. Ukiuondoa hapo na kuuweka kati ya mamia ya picha nyingine, unabaki picha isiyo na ukoo. Ndiyo maana sisi watunza nyaraka tunafuata kanuni mbili: vitu vya mtu mmoja havichanganywi na vya mwingine, na mpangilio aliouacha mwenyewe unaheshimiwa, hata kama kwa macho yetu umevurugika.

Kwa hiyo nakilini kila kompyuta, flashi na simu kama ilivyo, mkaipa kila nakala jina la aliyeitumia na tarehe ya kunakili. Tumieni waya au diski. Msitumiane vitu hivyo kwa WhatsApp, kwa sababu picha zikipita huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na majina yake ya asili hupotea. Hilo ndilo fungu la kwanza, na lifungwe lisiguswe. Folda nzuri za kufanyia kazi mtaziunda pembeni kutokana na nakala, wala hakuna atakayewazuia.

Sisi watu wa Lindi tunao mfano mkubwa wa jambo hili. Mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, ya Tendaguru ilichimbwa na msafara wa makumbusho ya Berlin kati ya 1909 na 1913 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kwa jasho la mamia ya watu wa huku waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Machimbo yalipewa alama, na mifupa ikafungwa, ikaandikwa ilikotoka, kisha ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Yule mjusi mkubwa anayesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13 ameundwa kwa sehemu kubwa kutokana na mnyama mmoja aliyeandikwa S II, na mahali palipopungua pamejazwa kwa mifupa ya machimbo mengine. Wataalamu wanaweza hata leo kutenganisha upi ni wa mnyama yupi kwa sababu alama zile hazikuachana na mifupa. Kama mtu angeamua kule porini kupanga mapaja upande huu na mbavu upande ule kwa ajili ya unadhifu, elimu hiyo ingepotea pale pale. Kwamba mifupa yenyewe iko mbali na kwao ni suala zito linalostahili mjadala wake.

Baada ya kunakili, tengenezeni orodha. Daftari la kawaida au jedwali la kompyuta vyote vinafaa, mradi kila fungu liwe na namba yake isiyobadilika, jina la aliyelitengeneza, kipindi lilipotengenezwa, maelezo ya sentensi moja au mbili, programu inayolifungua, na mahali lilipo. Anzeni na mafungu makubwa: madaftari ya mchoraji, rekodi za wazee, matoleo ya majaribio. Msijitie katika faili mojamoja mapema, maana mtachoka kabla ya kufika katikati, na orodha ya mafungu iliyokamilika ina manufaa kuliko orodha ya faili iliyoishia njiani.

Kuhusu karatasi, ondoeni pini na klipu za chuma kwa sababu hewa ya chumvi itazitia kutu na kutu itakula ukurasa. Msitumie gundi ya utepe, andikeni namba kwa penseli laini pembeni, na wekeni madaftari katika boksi faili juu ya rafu iliyo mbali na ukuta wa nje na sakafu. Ukungu hustawi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi, kiwango ambacho pwani yetu hukivuka mara kwa mara, kwa hiyo kagueni boksi hizo na kuzipisha hewa siku kavu, na msizifunge ndani ya mifuko ya nailoni inayofungia unyevu ndani. Kurasa zote zipigwe kwa skana badala ya kupigwa picha kwa simu, angalau nukta 300 kwa inchi, na kwa michoro ya penseli hafifu nukta 400 au 600.

Fundi Msimbo wa Ligula, Mtwara

Naungana na mama yetu wa Lindi kwa yote, hasa katika kunakili kwanza na kupanga baadaye. Nitaongezea upande wa kompyuta, kwa sababu msimbo una mitego yake ambayo mtu huiona pale anapojaribu kuufungua upya akashindwa.

Hoja ya mwenzenu kwamba gemu iliyokamilika inatosha imekanushwa na makampuni makubwa kuliko sisi. Square Enix ilipoandaa toleo la 2013 la Kingdom Hearts, gemu iliyotoka 2002, data za awali zilikuwa zimepotea kwa kiasi kikubwa, ikabidi watengenezaji wachimbue picha na maumbo kutoka ndani ya gemu yenyewe iliyouzwa na kuunda upya yaliyokosekana. Konami nayo ilipotoa mkusanyiko wa gemu za Silent Hill mwaka 2012, waliopewa kazi hiyo walipokea msimbo ambao haukuwa ule wa toleo la mwisho, wakajikuta wakipambana na hitilafu za zamani zilizokwishatatuliwa mara ya kwanza. Mfano huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu vitu vilikuwepo, vilitunzwa, na bado havikuwa vile vilivyotakiwa. Alama iliyobainisha toleo lililouzwa ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo katika Git wekeni lebo rasmi kwenye kila hatua iliyomfikia mtu wa nje, iwe ni toleo la kuonyesha wazee wa Mikindani au toleo la kwanza la simu, na pembeni yake mhifadhi faili lilelile lililochezwa siku hiyo. Kisha tengenezeni nakala ya historia nzima kwa amri ya git bundle yenye --all, ambayo hukusanya matawi na lebo zote katika faili moja linaloweza kukaa kwenye diski bila kutegemea tovuti yoyote. Kama mlitumia Git LFS kwa picha na sauti kubwa, jihadharini: hazina ya Git hubeba maandishi mafupi yanayoelekeza tu mahali faili halisi lilipo, kwa hiyo bundle peke yake haitakuwa na picha zenu. Ni lazima kwanza mvute faili zote za matoleo yote kwa amri ya git lfs fetch --all, kisha mnakili folda nzima ya mradi pamoja na folda iliyofichwa ya .git.

Kwa upande wa Godot, andikeni namba kamili ya toleo mlilotumia na mhifadhi programu yenyewe pamoja na violezo vyake vya kusafirishia (export templates), vinavyotumika kutoa gemu iliyokamilika. Mradi wa Godot 3 haufunguki tu katika Godot 4, iliyotoka Machi 2023. Hubadilishwa, na mara nyingi hurekebishwa kwa mkono. Bahati yenu ni kwamba injini hiyo ni huria tangu 2014, hivyo sheria haiwazuii kuitunza. Folda ya .godot inaweza kuachwa kwa sababu huundwa upya mradi unapofunguliwa, lakini yale mafaili madogo yanayoishia na .import msiyatupe, maana ndiyo yanayobeba maagizo ya jinsi kila picha na sauti inavyoingizwa. Zaidi ya hayo, ule ufunguo wa kutia saini toleo la Android, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba gemu ni yenu, uhifadhiwe pamoja na nywila yake, ila nywila ikae mahali tofauti na ufunguo. Vikipotea, kutoa marekebisho ya gemu kwa waliokwishaipakua kunaweza kuwa mtihani mkubwa.

Picha na sauti zitunzwe kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni faili la kazi lenye matabaka yote, liwe la Krita, Photoshop au Blender, kwa sababu humo ndimo mchoraji mwingine atakapoweza kubadili tanga bila kugusa mlingoti. Sura ya pili ni nakala katika fomati iliyo wazi na inayofunguliwa na programu nyingi: PNG kwa picha, FLAC au WAV kwa sauti, glTF kwa maumbo ya pande tatu. Kabla ya kuhifadhi faili la Blender, tumieni amri ya kufungasha vitu vya nje ndani yake, la sivyo picha za mbao na tanga zitabaki kwenye kompyuta ya mtu aliyeko Dodoma. Mwenzenu wa muziki naye atoe kila ala peke yake kuanzia sekunde ya mwanzo hadi mwisho wa wimbo, kwani mradi wake unategemea vifaa vya sauti ambavyo huenda visipatikane baada ya miaka michache.

Mwisho kwa leo, rekodini video ya mtu akiicheza gemu yote. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kasi ya mawimbi na muda wa kungoja upepo hata siku ambayo hakuna simu inayoweza kuiendesha tena.

Mdau wa Nachingwea

Wakuu, nawaheshimu, lakini naona mnamtwisha kijana mzigo. Siku hizi mtu anapakia vitu vyake vyote kwenye hifadhi ya mtandaoni, anawapa wenzake ruhusa, na kazi imekwisha. Diski, boksi na madaftari ya orodha ni ya nini?

Fundi Msimbo wa Ligula, Mtwara

Ndugu yangu wa Nachingwea, hifadhi ya mtandaoni ni nakala nzuri, nami nashauri waitumie, ila ihesabiwe kuwa nakala moja. Ikiwa imeunganishwa na folda ya kompyuta, faili likifutwa huku hufutwa na kule, na kipindi cha kulirejesha huwa na ukomo. Akaunti huwa na mmiliki mmoja, na malipo yakikatika huanza kuhesabiwa siku. Nawe unakumbuka Mei 2024: Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua zikakata barabara ya kwenda Dar es Salaam, na kabla mwezi haujafika katikati kebo za baharini nazo zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Kwa siku hizo mtu wa kusini aliweza kutegemea kile tu kilichokuwa mkononi mwake.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja kati yake iwe mbali. Kikundi hiki kina neema ambayo nadhani hawajaiona. Wanaogopa kutawanyika, lakini kutawanyika huko ndiko kutakakowapa hifadhi bora bila gharama ya ziada. Mchoraji achukue diski moja akaitunze Dodoma, ambako hewa ni kavu na hakuna chumvi ya bahari, ya pili iende Newala juu ya uwanda wa Makonde, na ya tatu ibaki Mtwara kwa kazi za kila siku. Dhoruba moja haitazifikia zote tatu.

Kwa diski za kukaa bila kuguswa ningechagua zile za kawaida zenye sahani inayozunguka kuliko SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka, kwa sababu SSD isiyopata umeme kwa muda mrefu inaweza kupoteza data polepole. Diski inayozunguka nayo huweza kukwama, ndiyo maana lazima kila mwenye diski aichomeke angalau mara moja kwa mwaka na kuikagua. Ukaguzi usiwe wa kutazama majina ya faili tu. Programu ya SHA-256 husoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na namba unaolitambulisha, na ikiwa hata biti moja imeharibika mfuatano huo hubadilika. Tunzeni orodha ya mifuatano hiyo pamoja na faili. Upo utaratibu uliokwisha kupangwa uitwao BagIt, uliotokana na kazi ya Maktaba ya Bunge la Marekani na Maktaba ya Kidijitali ya California, ambao si kingine ila folda ya data, faili la maandishi lenye mifuatano ya uhakiki, na maelezo mafupi ya mwenye vitu. Unaeleweka hata na mtu aliyekuja baada ya programu zote kubadilika, na kwa hilo naupenda.

Mtengenezaji wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana, mama na kaka zangu. Jambo la Dodoma na Newala halikuwa limetujia kabisa, na wenzangu wote wamelikubali papo hapo.

Yamebaki mawili yanayotusumbua. Mchoraji wetu hapendi michoro yake ya mwanzo ionekane na watu, na anaona heri ichomwe kuliko mtu kuikuta na kumhukumu nayo. La pili ni rekodi za wazee. Walitupokea vizuri na walijua tunatengeneza mchezo, lakini makubaliano yalikuwa ya mdomo. Sasa tukiwa na orodha nzuri na nakala tatu, tutafika mahali pa kutaka kuwaonyesha wanafunzi na watengenezaji wengine. Tunaruhusiwa kuonyesha nini?

Wakili wa Masasi

Mdogo wangu, tenganisha kuhifadhi na kufungulia watu, maana maswali yako yote mawili yanatokana na kuvichanganya. Kitu kinaweza kutunzwa kwa uangalifu wote na bado kikafungwa. Katika orodha yenu ongezeni safu moja inayosema nani anaruhusiwa kukiona: watu wote, wanakikundi peke yao, au hakuna mtu hadi mwaka fulani au hadi mwenyewe aseme. Mchoraji aandike masharti yake kwa mkono wake, na yaheshimiwe kikamilifu. Mimi ningemwomba asiichome, kwa sababu akiifunga leo anaweza kuifungua baada ya miaka ishirini, ilhali akiichoma hana tena uchaguzi, lakini uamuzi ni wake.

Kisheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, michoro na muziki tangu vinapoumbwa, bila kungoja usajili. Maana yake ni kwamba katika kikundi kisicho na mwajiri kila mmoja wenu ana haki katika alichokitengeneza, na mtu akishahamia mkoa mwingine bila maandishi, hata nyinyi wenyewe mtakuwa mnatumia picha zake kwa fadhila tu. Andikeni makubaliano ya kurasa moja au mbili kabla ya safari, yakisema nani anamiliki nini, nani anaweza kuruhusu toleo jipya, na itakuwaje mmoja wenu akifariki. Saini zote ziwe za wino, na nakala ya karatasi iingie katika boksi faili lile alilolieleza mama wa Lindi.

Wazee warudieni. Wasikilizisheni rekodi zao, waelezeni kwa Kiswahili chepesi mnataka kuzitumia wapi, na mpate idhini iliyoandikwa au iliyorekodiwa kwa sauti yao wenyewe, ikiwa na tarehe na jina la aliyeshuhudia. Muulizeni kila mmoja kama anataka kutajwa kwa jina. Kwa ngoma kuna jambo la ziada, kwa kuwa sheria hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara yaliyo nje ya mazingira yake ya asili yanaweza kuhitaji kibali. Waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kibali hicho kinatolewa na nani, kabla gemu haijaanza kuuzwa. Mazungumzo ya WhatsApp nayo yana majina na namba za simu za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipitishwe, hilo si jambo la kupuuzia. Yatunzeni yakiwa yamefungwa, na kwa wasomaji wa nje mtoe muhtasari wa maamuzi bila namba hizo.

Angalieni pia vitu msivyovitengeneza, kama fonti, sauti za mawimbi zilizonunuliwa na vipande vya msimbo vya watu. Kampuni ya id Software ilipotoa msimbo wa gemu yake ya Doom kwa umma Desemba 1997, ilibidi iache sehemu ya sauti ya toleo la DOS, mfumo wa kompyuta wa wakati ule, kwa sababu ilitegemea kazi ya mtu wa nje yenye leseni. Kila kitu cha namna hiyo kiandikwe katika orodha pamoja na nakala ya leseni yake kama ilivyosomeka siku mlipokichukua, kwa sababu kurasa za leseni mtandaoni hubadilika.

Mtunza Nyaraka, Lindi

Wakili amesema vema. Naomba niongeze neno kwa yule binti mchoraji, kama ataruhusu.

Katika Marekani kuna mtengenezaji aitwaye Jordan Mechner, aliyetoa gemu ya Prince of Persia mwaka 1989. Diski zenye msimbo wake wa asili zilikuwa zimepotea machoni kwa miaka mingi hadi baba yake alipozikuta mwaka 2012, na wataalamu wa diski za zamani wakamsaidia kuzisoma. Hilo lilifurahisha mafundi, lakini mimi kilichonigusa nilipolisoma ni kwamba alikuwa ametunza pia shajara zake za miaka ile na picha za video za mdogo wake akikimbia na kuruka, ambazo ndizo alizofuata kwa kuchora mwendo wa mhusika fremu kwa fremu. Vitu vyake vya namna hiyo leo viko katika makumbusho ya The Strong huko Rochester. Msimbo ungetuonyesha kwamba mhusika anaruka. Shajara na video ndizo zinazotuonyesha kwamba anaruka kama kijana fulani halisi, na jinsi mtu mmoja alivyohangaika mpaka akaipata njia hiyo. Michoro anayoionea haya binti yetu ina kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla hajaondoka, mketisheni na madaftari yake mbele, mfungue ukurasa baada ya ukurasa, na mmoja wenu aulize huku simu ikirekodi. Msiulize kama mchoro ni mzuri. Ulizeni alikuwa anatazama nini alipouchora, nani aliukataa na kwa sababu gani, na kipi kati yake kilirudi baadaye kwa sura nyingine. Tajeni namba ya ukurasa kwa sauti kila mnapogeuza, ili anayesikiliza ajue mko wapi. Mwandishi wa msimbo na mwenzenu wa muziki nao wafanyiwe vivyo hivyo. Hii ndiyo kazi pekee katika yote tuliyoyataja isiyoweza kungoja, kwa maana kunakili diski kunawezekana hata mwezi ujao.

Mtengenezaji wa Shangani, Mtwara

Mama, nimemsomea, na amekubali tukae naye. Michoro ya mwaka wa kwanza itafungwa hadi atakaposema mwenyewe. Wazee tutawaendea Mikindani na rekodi zao.

Swali dogo la mwisho: madaftari yake ni mengi na mengine yamechanganya michoro ya gemu na ya mambo yake binafsi. Katika orodha tupe namba kila daftari, au kila ukurasa?

Mtunza Nyaraka, Lindi

Kila daftari lipate namba yake kwanza, kisha kurasa zihesabiwe kwa penseli kwenye kona ya chini, pamoja na zile tupu, ili baadaye mtu asidhani kuna zilizochanwa. Namba ya mchoro itakuwa ya daftari ikifuatiwa na ya ukurasa, mathalani MCH-03-017, na jina la picha iliyotoka kwenye skana liwe hilohilo bila nyongeza. Maelezo ya ukurasa mmojammoja andikeni kwa yale tu yaliyoingia katika gemu au yaliyotajwa katika mahojiano. Kurasa zake binafsi zihesabiwe kama nyingine, zisichanwe, ila zisipigwe kwa skana, na katika orodha muandike kwamba zimefungwa kwa ombi la mwenyewe. Madaftari yenyewe ni mali yake. Akitaka kwenda nayo Dodoma, aende nayo, na orodha iseme yako kwake.